Mwaka Tulipokuwa na Lori

Kilelo alizikwa Jumamosi kwao Mbololo, na mimi nilikwenda. Niliondoka Wundanyi ukungu haujapanda, nimejifunga kitambaa cha buluu kichwani, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba nitakaa nyuma, nitaimba nyimbo zinazoimbwa, nitaweka udongo wangu kaburini kama watu wengine, kisha nirudi nyumbani. Nilipofika nilipata kiti cha plastiki mwisho kabisa wa hema. Mchungaji alisema mengi kuhusu subira. Alieleza jinsi marehemu alivyougua figo, jinsi alivyopelekwa Mombasa na kurudishwa, na jinsi alivyolima vizuri shamba lake miaka ya mwisho. Miaka ya kabla ya hapo aliiruka, na watu wote waliokuwa pale walijua ameruka nini. Kabla mwili haujapelekwa kaburini nilitoka kutafuta maji ya kunawa uso, nikapita nyuma ya mabati yaliyozungushwa jikoni, na ndani yake nikasikia akina mama wanaomenya viazi wakiongea.

"Huyo mwenye kitambaa cha buluu ni nani?"

"Si ndiye yule wa lori."

"Yule aliyemfunga?"

"Huyo huyo."

"Na amekuja?"

"Amekuja. Ameketi huko nyuma, hasemi na mtu."

Visu viliendelea kumenya. Nilisimama pale maji yakinitiririka mkononi, na nikaona kwamba sikuwa nimekasirika. Inakaribia miaka kumi sasa. Katika miaka hiyo nimeuza mbegu na dawa za mifugo, nimeimba kwaya, nimejenga nyumba ndogo ya matofali, na nywele zangu zimeanza kubadilika rangi. Lakini Mbololo mimi ni yule wa lori, na nadhani hata huku kwetu milimani ni hivyo, ila huku watu wana adabu ya kungoja nipite kwanza. Kwa hivyo nitausimulia mwaka huo wenyewe, kwa sababu aliyeuishi pamoja nami amekwisha kuzikwa, na waliobaki wanaujua kwa kusikia tu.

Jinsi tulivyokutana mimi na Kilelo haina maana sana hapa. Tulikuwa vijana wawili tuliokusudia kuoana. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya dukani Wundanyi, yeye alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya binafsi iliyokuwa ikilipa mwezi huu na kusahau mwezi ujao. Tulihamia Voi, tukapanga chumba mtaa wa Sikujua, na wenye kupenda mzaha walituambia jina hilo lilitufaa. Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine ilipowashwa asubuhi ukuta ulitetemeka, na vumbi la unga lilipita chini ya mlango likatua juu ya kila kitu: kitanda, sufuria, viatu, nyusi za Kilelo. Mimi nimezoea baridi ya juu, na joto la Voi lilinikalia kifuani kama mtu. Katikati ya chumba tulifunga pazia la maua mekundu. Upande mmoja ulikuwa kitanda, upande wa pili meza na viti viwili, na upande huo wa meza Kilelo aliuita ofisi.

Chakula cha mchana tulikula katika hoteli ya Mama Halima kando ya barabara kuu. Mama Halima alitoka pwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na madereva wa matrela walijaa kwake tangu asubuhi. Kilelo alipenda kukaa baraza la mbele akiyatazama magari yakipita kwenda Nairobi na kushuka Mombasa, mfululizo, bila nafasi katikati. Alikuwa akishika kijiko hewani na kusahau kula. "Hizo zote ni za mtu, Wakesho," aliniambia siku moja. "Na huyo mtu hakuzaliwa nazo." Mimi nilicheka, lakini nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani. Hakuna kati yetu aliyejua kuendesha hata pikipiki. Lori nilikuwa nimelipanda mara moja tu, utotoni, tukipelekwa kwenye mashindano ya nyimbo. Nikijaribu sasa kutafuta ni siku gani tuliamua, siipati. Nadhani hatukuamua. Tuliongea kuhusu lori jioni baada ya jioni mpaka ikawa kama tayari tunalo, tumelikosa tu.

Tulilinunua kwa mzee mmoja wa Maungu aliyeitwa Ndolo, kwa akiba yangu na mkopo wa chama cha ushirika. Ilikuwa Fuso ya rangi ya buluu, kuukuu lakini safi. Mzee Ndolo alitukaribisha sebuleni kwake, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, mkewe akatuletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na maziwa ya mgando. Tulikula kwanza. Kisha yule mzee akafuta mdomo na kusema, polepole, kana kwamba anazungumza na wanawe.

"Mimi nauza kwa sababu kazi inaisha. Mmeona ile reli mpya inayojengwa. Ikianza kubeba makontena, wenye matrela watakosa mzigo, na wakikosa watashuka kuja kuchukua mzigo wa haya magari madogo. Mtabeba nini?"

"Reli haiwezi kubeba kila kitu, mzee," Kilelo alisema.

"Ni kweli. Haiwezi." Akamtazama mkewe. "Waambie na ile gia ya tatu inayoruka," mkewe akasema. "Nimeshawaambia," akajibu.

Tulipokuwa tukirudi Voi Kilelo alisema mzee yule amechoka, na mtu aliyechoka huona kila kitu kimechoka. Nilikubaliana naye. Nilitaka kukubaliana naye. Leo, nikiikumbuka ile sebule, kinachonishangaza ni kwamba mtu alitueleza mwisho wetu wote tukiwa bado na bakuli mikononi, kwa lugha rahisi, bila kutudanganya hata kidogo, na haikusaidia chochote.

Jina la kampuni tulilipata kwa kuunganisha majina yetu, Wakesho na Kilelo, likawa Wakilo. Fundi wa rangi aliandika WAKILO TRANSPORTERS kwa herufi za manjano kwenye milango yote miwili. Askari wa barabarani walilisoma vibaya, wakawa wanauliza kama gari ni la mawakili. Dereva tulimpata kwa Mama Halima. Aliitwa Musyoka, mtu mzima, mkimya, aliyekuwa ameendesha matrela miaka mingi na kupunguzwa kazini reli ilipokaribia kufunguliwa. Mkewe aliuza chapati mtaa wa Kaloleni. Musyoka alitembea na kikombe chake mwenyewe cha bati, alipenda redio, na hakupenda maswali. Alimwita Kilelo boss na mimi akaniita madam, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Ndivyo alivyozoea kuwaita watu wanaomlipa.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kabichi kutoka Werugha. Asubuhi ile sitaisahau kwa uzuri wake. Ukungu ulikuwa umefunika matuta ya mashamba, na akina mama walitokea ndani yake mmoja mmoja, wamebeba magunia mgongoni, wakiyaweka kando ya barabara na kutusalimu kwa Kidawida, lugha yetu. Kilelo alivaa koti jipya. Alizunguka lori akigonga magurudumu kwa kiatu kama alivyoona wengine wakifanya. Kabichi zilikuwa na umande bado, na sisi, kwa kuogopa zisiibwe wala zisipigwe jua, tulizifunika turubai zito tukakaza kamba kila upande. Musyoka alisema zinahitaji kupumua. Kilelo akasema mzigo wetu hautafika Mombasa ukiwa wazi kama takataka. Tuliposhuka Mwatate klachi ikaanza kuteleza. Voi tulilala tukingoja spea, na siku iliyofuata tukasimama kwenye foleni ya mizani ya kupimia malori Mariakani, jua la pwani likipiga turubai. Tulipolifunua sokoni, mvuke ulitoka kama wa sufuria. Broka, dalali wa soko aliyekuwa akitungoja, aliingiza mkono kati ya kabichi, akautoa upesi na kuupangusa kwenye suruali.

"Hizi mmezipika," akasema, na akaenda zake.

Tulizimwaga jalalani, mimi na Kilelo na Musyoka, kwa mikono, na harufu yake ilikaa ndani ya lori wiki nyingi. Kisha ilibidi turudi Werugha kuwaeleza wenye kabichi. Walitukusanyikia katika nyumba ya mama mmoja mzee, moto unawaka katikati, kimanga cha mihogo na maharagwe kimefunikwa kwa sahani. Kilelo alieleza kuhusu klachi, kuhusu foleni, kuhusu jua. Nilitegemea wapige kelele. Mama mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, akatupakulia kimanga, akasema, "Haya. Kuleni." Hawakutupatia mzigo tena. Tukipita barabara ile walitupungia mikono kwa heshima, na kabichi zao zilikwenda na gari la mtu mwingine.

Baada ya hapo tulijifunza, kwa maana mtu hujifunza chochote akirudia. Tulibeba simiti kupeleka Taveta na kurudi na ndizi na nyanya. Tulibeba kokoto, mabati, samani za walimu wanaohamishwa. Kwa miezi michache kulikuwa na jioni ambazo Kilelo alikaa upande wa ofisi, unga umemjaa nywele, akichora lori la pili, na mimi nilikaa kitandani nikimsikiliza kupitia pazia. Sisemi hatukuwa na furaha. Ilikuwepo. Ilikuwa furaha ya watu wanaoelea bila kujua kuogelea. Halafu makontena yakaanza kupandishwa treni kule bandarini, na kila neno la Mzee Ndolo likaja kwa utaratibu wake. Matrela yalipokosa makontena yalikuja kutafuta simiti, sukari na mabati, yakabeba mara tatu ya mzigo wetu kwa bei ambayo kwetu haikutosha hata kununua mafuta. Tulipiga simu kwa watu tuliowabebea mizigo, na walikuwa wapole sana. Walisema watatupigia.

Niliona mwisho ukija kwenye sufuria za Mama Halima. Kwanza pilau iliondoka. "Mwanangu, pilau sikupika leo, wa kuila hawapo," aliniambia, kama mtu anayeomba radhi. Baadaye akaacha mchuzi wa mbuzi, akabaki na maharagwe na chapati, kisha chai peke yake. Madereva waliobaki walikaa pale na kikombe kimoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na nilizoea kusikia mazungumzo yao nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya sahani. Mmoja alisema mkewe amerudi kwao. Mwingine alisema kwamba usiku anaota anaendesha, na miguu inakanyaga kitandani. Mwingine alisema serikali itabadilisha mambo ya reli, lazima ibadilishe. Siku moja nilifika nikakuta viti vimepandishwa juu ya meza, na Mama Halima anafunga vyombo ndani ya shuka kurudi kwao. Alinipa sufuria ndogo yenye mfuniko. Ninayo mpaka leo, na ninaipikia.

Kilelo alibadilika polepole. Aliacha kuchora. Alianza kuondoka asubuhi kwenda uwanja wa malori, akarudi jioni akinuka moshi wa sigara za watu wengine, na nikimuuliza amepata nini anasema, "Nimepata watu wa kuongea nao." Musyoka alikuwa hajalipwa muda mrefu lakini aliendelea kuja, akifuta kioo cha lori lisiloenda popote, akisikiliza redio kwa sauti ya chini ili asimalize betri. Nilimwambia atafute kazi nyingine. "Iko wapi, madam?" aliniuliza, na aliuliza kwa kweli, akingoja jibu.

Kisha nikashikwa na malaria. Nilikuwa nimelala kitandani upande wangu wa pazia, alasiri, mashine ya kusaga imezimwa na mtaa mzima umenyamaza kwa joto, nikasikia Kilelo akiingia na mtu. Niliona viatu chini ya pazia, vyeusi, safi, viatu vya mtu asiyetembea kwa miguu Voi. Kilelo alisema kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mgonjwa, nimelala. Mgeni akaketi. Niliyoyasikia baada ya hapo nimeyarudia mara nyingi mbele za watu wengi, na sijawahi kuyabadilisha.

"Ni miti tu," mgeni alisema. "Inapakiwa kule Taveta, unafunika na ndizi. Ikifika Voi inashushwa, kutoka hapo si shida yako."

"Ni msandali," Kilelo akasema.

"Ni miti. Nani atakuuliza jina?"

Kiti kikatoa mlio.

"Na dereva?"

"Dereva anaambiwa nini? Anaambiwa ndizi."

Kule kwetu kila mtu anajua msandali, ule mti wa manukato, umekatazwa kukatwa, na kwamba lori likikamatwa nao, aliye nyuma ya usukani ndiye anayefungwa kwanza. Mgeni alipoondoka nilimwita Kilelo. Alikuja akasimama amelishika pazia, kama mtu anayetazama chumba cha mwingine.

"Nilisikia," nikamwambia.

"Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala. Usifanye hiyo kazi. Na kama utafanya, usimfiche Musyoka."

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Alinigusa paji la uso, akasema linawaka. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Basi niambie ingine. Kazi yoyote. Taja moja." Nilifikiri sana. Nakumbuka nilitazama dari, nikapita barabara zote tulizokuwa tumepita, mji kwa mji, na sikuona hata moja. "Nitamwambia hapana," akasema mwishowe. Nililala nikiamini.

Lori lilikamatwa Mwatate asubuhi moja, likitoka Taveta, ndizi juu, msandali chini. Kilelo hakuwa ndani yake. Alikuja nyumbani uso umekauka, akakaa ofisini, akaniambia Musyoka ametuuza. Alisema Musyoka alikubali mzigo wa watu kando, bila kutuambia, kwa sababu ya mshahara aliokosa. Alilieleza jambo hilo vizuri, lina mwanzo na mwisho, na ningekuwa mtu mwingine ningeliamini. "Ndivyo nilivyowaambia polisi," akasema. "Na wewe wakikuuliza, hujui kitu. Ambacho ni kweli. Hujui kitu."

Nilikwenda kumtazama Musyoka kabla hajapelekwa rumande. Langoni mwa kituo cha polisi nilimkuta mkewe, ameshika chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwa gazeti, askari amemwambia angoje. Hakunisalimu. Waliponiruhusu kuingia Musyoka alisimama, kama alivyosimama kila nilipofika uwanjani. Alikuwa bila viatu. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu, kana kwamba anasahihisha kosa dogo la karani, "Madam, mimi niliambiwa ndizi."

Siku iliyofuata nilipika ugali na mchicha, nikamngoja Kilelo mchana. Nilitaka tule kwanza, na tulikula. Aliponawa mikono nilimwambia naenda polisi kuandikisha taarifa. Hakuinua sauti, na mpaka leo natamani angeinua.

"Unamchagua dereva?"

"Simchagui mtu. Nilisikia."

"Hukusikia kitu, Wakesho. Ulikuwa na homa."

"Nilikuwa na homa na nilisikia."

"Mimi ndiye nitaishi na wewe. Si Musyoka." Alijifuta mikono. "Ulikuwa na homa kali. Uliongea ovyo usiku kucha. Uliita watu waliokufa." Na kwa dakika moja, nakiri, nilisita. Nilijiuliza kama kweli niliota. Ndicho kitu kilichoniumiza kuliko vyote mwaka ule: aliona kwamba nimesita, na usoni mwake pakaingia tumaini. Nikachukua kitambulisho changu nikatoka. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na unga ulikuwa mlangoni, na nyayo zangu zilibaki pale nyuma yangu mpaka barabarani.

Mahakamani wakili wake aliniuliza kuhusu malaria. Aliniuliza kama nilikuwa nimemeza dawa, kama nilikuwa na kizunguzungu, kama viatu vinaweza kuonekana chini ya pazia na mtu aliyelala. Nilijibu nilivyojua. Kilelo hakuniangalia siku ile. Aliniangalia siku ya hukumu tu, mara moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Alifungwa. Yule mwenye viatu vyeusi hakupatikana, na sidhani alitafutwa sana. Lori lilibaki kituoni kama kizibiti. Kila nilipopita Mwatate niliona limezidi kuzama kwenye nyasi, kioo kimevunjwa, magurudumu yameondoka, majina yetu mawili mlangoni yakipauka. Kisha mwaka mmoja sikuliona tena, na sikuuliza limepelekwa wapi.

Watu hufikiri hadithi kama hii ina upande mmoja mzuri, kwamba angalau Musyoka aliachiliwa. Aliachiliwa, ndiyo, baada ya kukaa rumande miezi mingi, na alipotoka hakuna mwenye gari aliyetaka kumpa ufunguo. Alijulikana kama yule wa lori la msandali, kama mimi ninavyojulikana leo. Alirudi kwao Makueni bila kuniaga. Nilimtafuta mkewe Kaloleni kabla naye hajaondoka. Nilimkuta ameinama juu ya jiko lake, anageuza chapati kwa vidole. Nilimwambia kwamba nasikitika, na kwamba nilisema ukweli wote. Hakugeuka kunitazama.

"Najua ulisema," akajibu. "Lakini kwa hiyo kampuni mlikuwa wawili." Akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu, nami nikasogea kumpisha.

Nilirudi Wundanyi, nikapata kazi tena dukani, na mkopo ukaisha siku moja kama ugonjwa unavyoisha, bila sherehe. Kilelo alipotoka jela alioa, akapata watoto wawili, akalima. Voi ni mji mdogo na kaunti yetu si kubwa, lakini watu wakitaka kukwepana wanaweza. Sikumwona tena hata mara moja. Niliposikia anaumwa nilifikiri kwenda. Nilifika mpaka stendi ya Wundanyi siku mbili tofauti, na siku zote mbili nilirudi.

Baada ya mazishi, Jumamosi ile, nilikuwa nikitafuta njia ya kuondoka bila kuaga watu wengi, ndipo msichana mmoja akaja kuniambia mama mwenye msiba ananiita ndani. Nilimfuata. Mjane, Mghoi, alikuwa katika chumba kidogo cha nyuma, ameketi juu ya mkeka, sahani ya pilau na kabichi imewekwa mbele yake, haijaguswa. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Alinionyesha mahali pa kukaa, akamwambia msichana afunge mlango. Nje watu walikuwa wanaita wapewe maji.

"Dada," akasema, "nataka kukuuliza jambo moja, na leo usinionee huruma. Ni kweli ulimsikia?"

Niliwaza kuhusu watoto wake, niliokuwa nimewaona kaburini wameshikana mikono. Niliwaza kuhusu udongo ambao ulikuwa haujakauka. Kisha nikasema, "Ndiyo. Nilimsikia."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Alichukua leso akafuta ukingo wa sahani, ingawa ulikuwa safi.

"Aliniambia ulimzulia. Mpaka hospitali aliniambia hivyo." Akasikiliza sauti za nje kidogo. "Mimi nilijua. Tangu mwaka wa kwanza nilijua, kwa jinsi alivyokuwa akilisimulia, kila mara vilevile. Lakini huwezi kumpikia mtu kila siku ukijua kitu kama hicho. Kwa hivyo nilikuchukia wewe. Ilikuwa rahisi, ulikuwa mbali."

Nilitaka kusema pole, lakini hilo alikuwa ameambiwa tangu asubuhi na kila mtu. Baadaye akaisukuma sahani ikawa katikati yetu, akanipa kijiko kimoja na yeye akachukua kingine. Tulikula sote wawili kutoka sahani ile ile, chakula kikiwa kimeshapoa, mpaka mtu akagonga mlango na kumwambia atoke akawaage wageni.